Makande ya Kununua

Ukiuliza hoteli Shighatini, nawe utaulizwa: ya kula au ya kulala? Katika Kiswahili cha milimani, kama kilivyo cha Tanzania nzima, hoteli ni mahali penye chai, maandazi na wali maharage, hata pakiwa chumba kimoja chenye mabenchi mawili na pazia mlangoni. Kitanda ni habari nyingine. Hiyo ni gesti. Anayetaka menyu ya kurasa nne itambidi ashuke na njaa yake mpaka Moshi. Aliyekubali kukaa kwenye benchi na kuuliza "Leo kuna nini, mama?" ataondoka ameshiba, na huenda atakuwa amekula chakula ambacho zamani hakuna mtu milimani humo angethubutu kukitoza bei.

Shighatini ni kata ya Wilaya ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro, juu katika Pare Kaskazini, kule ambako watu huzitaja Usangi na Ugweno kwa pumzi moja. Katika historia ya kanisa jina lake ni kubwa kuliko kijiji chenyewe. Mwaka 1900 wamisionari wa Leipzig walifungua hapo kituo cha Kilutheri, mojawapo ya vituo vya mwanzo kabisa Upareni, miaka 3 kabla ya Waadventista kuanza Giti, upande wa Pare Kusini. Kituo kilileta shule na kengele, kikaleta na watu wa kutoka mbali. Hoteli hakikuleta. Mwalimu au mpagazi aliyefika jioni alikaribishwa kwenye nyumba ya mtu, akanawa, akala kilichopikwa. Kumdai mgeni pesa kwa bakuli la makande ilikuwa aibu ambayo ingemfuata mwenye nyumba hadi kwenye vikao vya ukoo.

Ndiyo maana biashara ya chakula Upareni haikuteremka kutoka mlimani. Ilianzia chini, ikapanda polepole, na kila ilipopanda hatua moja kulikuwa na njia mpya nyuma yake.

Njia ya kwanza ilikuwa ya misafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara waliotoka Pangani kuelekea bara walipita mashariki ya milima ya Pare, wakipiga kambi sehemu kama Gonja na Kisiwani. Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye mwenyewe alikuwa Mpare na ndiye aliyeandika kwa kina habari za mgomo wa kodi ya mbiru wa miaka ya 1940, ameonyesha jinsi misafara hiyo ilivyowategemea wakulima wa milimani kwa chakula. Ndizi na nafaka ziliteremshwa. Nguo na shanga zikapandishwa. Lakini kilichouzwa kilikuwa kibichi. Wapagazi walijipikia wenyewe, kila kundi na mafiga yake, na mwanamke wa Kipare aliyeshuka na kikapu cha ndizi alirudi nyumbani kabla moto wao haujawaka.

Njia ya pili ni reli. Ile iliyotoka Tanga ilifunguliwa mpaka Moshi mwaka 1912, ikipita Hedaru, Makanya, Same na Lembeni kwenye tambarare kavu chini ya milima. Stesheni ina jambo moja ambalo kambi ya msafara haikuwa nalo: abiria asiye na sufuria. Treni inasimama muda mfupi, mtu ana njaa, hana pa kupikia wala wa kumpikia. Hapo ndipo yai la kuchemsha, ndizi mbivu na hindi la kuchoma vilipopata bei, vikiuzwa dirishani, mkono kwa mkono. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilipoacha kuja, wauzaji hao walihamia barabarani. Iliporudi Desemba 2019, baada ya ukimya wa zaidi ya miaka 20, mabasi yalikuwa yameshawachukua wateja, na treni yenyewe haiji kila siku.

Milimani, kilichofanya kazi ya stesheni ni gulio. Usangi siku zake ni Jumatatu na Alhamisi, na mwenye akili hupanga safari yake kwa siku hizo, kwa sababu ndizo siku ambazo magari hupanda na kushuka kwa wingi. Mtu aliyetembea na mkungu wa ndizi kutoka Kilomeni au Ugweno hawezi kurudi kwake kula mchana kisha aje amalize kuuza. Ana pesa mfukoni, pengine kwa mara ya kwanza wiki hiyo, na tumbo linamkumbusha. Kwa mtu huyo ndiyo sufuria zikabandikwa pembeni ya soko. Kwanza uji na chai, kisha wali, kisha supu. Kibanda cha siku 2 kwa wiki kikiona faida kinaongezewa bati na meza. Kikiendelea kuona faida kinafunguliwa kila siku, na hapo mwenyewe anaanza kuitwa mwenye hoteli.

Makande yalichelewa kuingia kwenye biashara hii. Wali ulikuwa chakula cha sikukuu, kwa hiyo kuulipia kulikuwa na maana. Nyama vilevile. Makande yalikuwa kwenye kila jiko la Mpare, asubuhi yakiwa kiporo na jioni yakiwa mapya, na nani angenunua kitu alichokiacha nyumbani? Jibu lililetwa na watu wasio na jiko: walimu waliopangiwa shule za milimani, wanafunzi wa bweni, madereva, mafundi wa ujenzi, na Wapare wenyewe waliorudi likizo Desemba kutoka Dar es Salaam wakiwa na hamu ya chakula cha bibi ambaye hayupo tena.

Yaangalie yanavyopikwa. Mahindi makavu hulowanishwa kidogo, hutiwa kinuni na kutwangwa mpaka ganda la juu livuke. Ungo huchukua zamu: pumba huruka, punje nyeupe hubaki. Siku hizi mashine ya kukoboa huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache, ingawa ulimi uliozoea kinu huujua tofauti, maana punje ya mashine mara nyingi huwa imekatika na haina ule ukaidi mtamu chini ya jino. Punje hizo na maharage hulowekwa usiku kucha, na sufuria hubandikwa kabla jua halijatoka. Mpishi wa makande humjui kwa viungo. Mjue kwa kuni zake. Mwanzoni huwa moto mkali, kisha huzivuta kuni nje moja moja mpaka libaki kaa la kuifanya sufuria inong'one tu. Akichochea kwa pupa, maharage yatapasuka na kuwa rojo wakati mahindi bado magumu. Saa 3 hupita, pengine 4. Chumvi husubiri, kwa kuwa wapishi wengi huamini kwamba ikiwahi maharage hugoma kuiva. Mwishoni kabisa vinakuja kitunguu, nyanya na mafuta, au tui la nazi kwa aliyejifunza upishi Tanga. Wenye ng'ombe hutia maziwa. Kipande cha parachichi pembeni, na pilipili kwa anayetaka.

Maharage na mahindi hayo yana historia yake. Yote mawili asili yake ni Amerika na yalifika Afrika Mashariki baada ya Wareno kuanza kusafiri baharini huku, kwa hiyo hayo "makande ya asili" yana karne chache tu. Kilichoyafanya yawe ya Kipare ni maji. Wapare hujenga ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayokinga maji ya mto usiku ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa zamu. Miteremko ya juu ya Makanya, kule Vudee na Bangalala, bado ina ndiva zinazofanya kazi. Mvua ya vuli ikikatika mapema, zamu ya ndiva ndiyo huamua kama sufuria itakuwa na mahindi ya shambani au ya kununua.

Watani wa Wapare, Wachaga wakiwa mstari wa mbele, wana maelezo mengine. Wao husema Mpare hupenda makande kwa ubahili: hupikwa mara moja yakaliwa siku mbili, hayadai mboga, wala hayamuudhi mwenye pesa. Husema pia kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ukitaka kuthibitisha hilo la pili, kaa kwenye hoteli yoyote ya Usangi, agiza kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage zikapondwa pamoja, kisha sema kwa sauti kwamba hicho ni chakula cha Wachaga. Utapata mawakili kabla hujapata kijiko.

Jina la mwenye biashara nalo lilikuja na basi. "Mama ntilie" ni neno la Dar es Salaam, la wateja wanaonyoosha sahani wakisema nitilie, na wanawake waliolibeba jina hilo mjini walipitia misukosuko. Mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi iliwafanya wengi wao waonekane wazururaji, wakakamatwa na kurudishwa vijijini, sufuria zao zikimwagwa njiani. Muongo huo haujaisha, uchumi ukafunguliwa, na serikali ileile ikaanza kuwavumilia. Desemba 2018 Rais John Magufuli alizindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mama ntilie wakawa miongoni mwa waliovivaa shingoni. Milimani msukosuko wa 1983 ulisikika kwa mbali. Kilichofika kikabaki ni mtindo: sahani ya bati au plastiki, wali uliofinyangwa kwa bakuli, maharage upande mmoja, mchicha upande wa pili, mchuzi juu, na mteja kulipa baada ya kula.

Wilaya ya Mwanga ilipozaliwa mwaka 1979, ikikatwa kutoka Wilaya ya Pare iliyotawaliwa kutoka Same, kimji cha barabarani kilipata ofisi, na ofisi zikaleta watu wenye saa maalumu ya chakula cha mchana. Kwa Shighatini huu ulikuwa mwanzo wa jambo jipya. Aliyeshuka kufuatilia hati ya shamba au cheti cha mtoto hakuwa na namna ila ale mjini. Na Mwanga ina kitu ambacho mlima hauna: samaki. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme, liligeuka haraka kuwa ziwa la wavuvi. Walikuja watu kutoka Ziwa Victoria na kwingineko, wakajenga kambi ambazo leo ni vijiji kama Lang'ata. Perege wa bwawani, akikaangwa mzima mpaka mapezi yavunjike kama chipsi, na ugali wa moto na kachumbari yenye ndimu, ndiye sababu ya kutosha ya kusimama Mwanga. Ila uliza kwanza. Mara kadhaa serikali imesimamisha uvuvi ili samaki wazaliane, na miezi hiyo aliye kwenye sahani huwa ametoka mbali akiwa kwenye barafu.

Same, kilomita 50 hivi kusini zaidi, hula kwa saa ya mabasi. Abiria wa Dar es Salaam, Moshi na Arusha hushuka, hunyoosha miguu, hununua, hupanda. Chakula cha namna hiyo hakina muda wa kuwa kizuri sana: chipsi mayai, kuku robo, ndizi choma, soda. Wenye gari lao hupenda kusimama Elephant Motel, pembeni ya barabara kuu, ambako mtu anaweza kukaa kwenye kivuli na kusubiri chakula kama binadamu. Watalii wanaokwenda Hifadhi ya Mkomazi kupitia lango la Zange nao hupita hapo. Lakini anayetaka kuijua Same inavyokula aiache barabara kuu, aingie mitaa ya soko asubuhi saa 12 na nusu, afuate harufu ya supu. Tambarare hizi ni za wafugaji, Wamasai na Wapare, na supu ya mbuzi ya Same hunywewa na chapati, ndimu, na pilipili ya kupondwa iliyoachwa mezani kwenye kikopo cha plastiki. Saa 3 asubuhi sufuria huwa imebaki mifupa.

Tabu ya hoteli za Same kwa miaka mingi haikuwa nyama wala wateja. Ilikuwa maji. Mji uko kwenye kivuli cha mvua, na mama ntilie aliyenunua maji kwa dumu alilazimika kuyahesabu: ya kupikia, ya kunawa, ya vyombo, na ya mwisho yakamwagiwa vumbi mlangoni. Mradi mkubwa wa kuvuta maji kutoka Nyumba ya Mungu kwenda Mwanga, Same na Korogwe ulisuasua kwa miaka mingi, mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipouzindua Machi 2025. Bwawa lililokuwa likiwapelekea watu perege sasa linawapelekea na maji ya kumchemshia. Badiliko lingine lilikuja usiku. Mwaka 2023 serikali iliondoa marufuku ya mabasi kusafiri usiku, na kwenye barabara kuu zote za nchi mteja wa saa 8 za usiku akarudi.

Ukizunguka mlima kwenda Pare Kusini, dini ndiyo inayopanga meza. Katika vijiji vilivyokulia chini ya misheni ya Waadventista, kama Suji, Jumamosi hakuna atakayekupikia chai. Siku nyingine unaweza usiipate pia, maana wengi wao hawanywi, na kitimoto usikitaje kabisa. Usangi, wenye Waislamu wengi, humpa mgeni pilau la Idd na nyama ya buchari ambayo kila mtu hula bila kuuliza nani kachinja. Walutheri wa Shighatini wako katikati ya yote hayo, na wapishi wao wamejifunza kupika kwa namna ambayo haimfukuzi mtu mezani.

Upande huo wa kusini ndiko mwenye ulimi atumie siku zaidi. Mamba Miamba ni nchi ya tangawizi. Chai ya rangi ya huko hupikwa na tangawizi iliyopondwa wakati huohuo, na humpiga mtu kooni kabla sukari haijafika. Chini, Ndungu ina mashamba ya mpunga wa umwagiliaji, hekta 680, yaliyotengenezwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990. Wali wa mchele mpya wa Ndungu hunukia mpaka nje ya kibanda, na kuula na maharage peke yake, bila nyama, si umaskini. Ni uchaguzi.

Kuna jambo moja ambalo huenda likayagusa makande kuliko soko na barabara. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034. Kwa mtu wa chipsi, gesi ni nafuu ya macho na mapafu, na misitu kama Kindoroko, iliyo juu ya Usangi na inayotunza chemchemi za wilaya, inahitaji kuachwa ipumue. Kwa sufuria ya saa 4, hesabu ni ngumu zaidi. Mtungi mdogo unaweza kuishia kwenye makande ya siku chache. Wapo wanaoyachemsha maharage kwenye sufuria ya presha, yakaiva haraka. Yanalika. Lakini wazee hawayasifu.

Kwa anayepanda leo, ushauri ni huu. Toka Mwanga mapema, na kama ni masika uliza kwanza hali ya barabara, kwa sababu udongo mwekundu wa milima hii ukilowa hauheshimu tairi wala dereva. Shighatini usitafute kibao. Angalia moshi unaotoka nyuma ya maduka, na mahali pikipiki za bodaboda zimeegeshwa kwa wingi. Vijana hao hula nje kila siku na hawawezi kumvumilia mpishi mbaya kwa wiki mbili. Msalimie mpishi kwanza, shikamoo ikistahili, ndipo uulize kilichopo. Asubuhi agiza chai ya maziwa na kiporo cha makande kilichopashwa kwenye kikaango mpaka kikashika rangi chini. Ndicho kitamu kuliko yale mapya, na wageni wengi hawakijui kwa sababu hakitajwi mpaka kiulizwe. Mchana yatakuwepo mapya, pamoja na wali, ugali, maharage, mchicha au mnavu, na nyama kama kuna aliyechinja.

Usichelewe. Saa 8 mchana gari la kushuka Mwanga huanza kupiga honi, abiria humalizia vijiko vya mwisho wamesimama, na mama huiinamisha sufuria upande mmoja, akikwangua. Atakayefika baada ya hapo ataambiwa kwa upole kwamba makande yamekwisha, kumebaki ukoko, na kama anaupenda atapewa bure.